Nani Atasema "Turudi"?

Haya ni mazungumzo ya mratibu wetu wa kukabiliana na maafa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia, viongozi wa vijana na wageni kutoka kwa wafadhili, waliokutana Ntobeye wilayani Ngara kupanga ziara za mafunzo za vijana. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyotolewa.

  Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa vijana wetu wanapotembelea hifadhi ya wanyama. Najua baadhi yenu mlipoona kichwa hicho kwenye ratiba mlisema, "Leo tutasikia habari za simba." Nitawataja wanyama, lakini kwa kifupi. Leo nataka tuzungumze zaidi juu ya mvua, radi, moto na maji, vitu ambavyo tumevizoea tangu utoto na kwa sababu hiyo hatuviogopi. Halafu nitawaulizeni swali moja ambalo kila kamati italijibu kabla ya chakula cha mchana.

HIFADHI IKO MLANGONI KWETU

Wazee wenzangu mnakumbuka. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa mahali pa kupita haraka tu. Aliyetoka hapa kwenda Karagwe au Biharamulo aliagana na watu wake vizuri, akaomba avuke pori salama, maana hofu ya wakati ule ilikuwa majambazi wa barabarani. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja tungepanga kuwapeleka watoto huko kwa furaha.

Mwaka 2019 mapori hayo matatu ya akiba yaliunganishwa, yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 4,700 na kusimamiwa na TANAPA. Mwaka huohuo, hapa hapa Kagera, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe nazo zikawa hifadhi za taifa. Kwa hiyo mtoto wa Ntobeye hana haja tena ya kusikia habari za Serengeti redioni ili ajue hifadhi ni nini. Anaweza kwenda kuona tembo, nyati, twiga na viboko, akaliona Ziwa Burigi, akarudi na kuwaeleza wadogo zake kwa nini msitu hautakiwi kuchomwa. Jambo hili ni jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Lakini zamani tulipita pale tukiwa na hofu na tahadhari. Sasa tunataka kuingia tukiwa na ngoma na nyimbo, bila tahadhari yoyote. Majambazi walituogopesha, na mto haututishi kwa sababu tumeoga ndani yake. Hapo ndipo penye hatari.

KILICHOTOKEA HELL'S GATE

Nitawaeleza habari ya kweli kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Karibu na mji wa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, iko hifadhi ya taifa iitwayo Hell's Gate. Ni hifadhi ndogo, haifiki hata kilomita za mraba 70, na wageni wanaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli ndani yake, jambo lisilo la kawaida katika hifadhi nyingi. Ndani yake kuna korongo refu na jembamba lililochongwa na maji katika mwamba tangu zama za kale. Watu hushuka humo kulitembelea. Kuta zake ni ndefu, na mahali pengine njia ni nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unakaribia kugusa pande zote mbili.

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012, vijana wa kanisa moja la Presbiteri walikwenda huko kutembea. Hawakuwa walevi wala wakorofi. Walikuwa vijana kama hawa wetu. Wakiwa ndani ya korongo, maji ya mvua yalishuka kwa ghafla kutoka juu na kulijaza. Watu saba wa kundi lile walikufa.

Ilipita miaka saba. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, katika korongo lilelile, mafuriko ya ghafla yalichukua tena watu saba, wakiwamo watalii na kijana aliyekuwa akiwaongoza. Safari hii alikuwapo mwongozaji mwenyeji, mtu aliyelijua korongo, na yeye pia akafa. Baada ya hapo wenye hifadhi wakalifunga korongo kwa wageni.

Ndugu zangu, siwaelezi haya ili tuwalaumu waliokufa. Nawaeleza kwa sababu sisi ni watu walewale. Kundi la kanisa, siku ya Jumapili, katika hifadhi nzuri isiyo mbali na nyumbani. Tukisema "hao walikuwa wazembe", hatutajifunza lolote.

MAJI HUTOKA USIPOPAONA

Somo la kwanza ni hili: mafuriko ya ghafla hayasubiri mvua ikunyeshee wewe. Mvua hunyesha juu ya kilima usichokiona, ardhi inashindwa kuyanywa maji yote, nayo yanatafuta njia ya kushuka. Njia hiyo ni kijito kilichokauka, korongo, au barabara iliyochimbika. Unaweza kuwa umesimama chini ya jua, viatu vyako vikavu, na maji yakakufikia.

Sisi wa Ngara tulipaswa kulielewa hili kuliko watu wengine. Mto Ruvubu unatoka Burundi. Unakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji hayo yote yanasafiri hadi Ziwa Viktoria. Maji tunayoyaona Rusumo mengi hayakunyesha kwetu, yalinyesha kwenye milima ya Burundi na Rwanda. Mto unaweza kupanda kwetu wakati mahindi yetu yananyauka kwa kukosa mvua. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa kila kijito ndani ya hifadhi, ila kijito kidogo hujaa kwa dakika, si kwa siku.

Naomba mzikumbuke dalili hizi. Maji yaliyokuwa meupe yakigeuka kuwa na rangi ya tope, toka. Yakianza kubeba majani na vijiti, toka. Ukisikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima na hakuna barabara karibu, toka upesi. Na kutoka ni kupanda juu pembeni, si kukimbia kufuata mkondo, maana maji yatakushinda mbio.

Kuhusu kuvuka, watu wengi hukadiria vibaya. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu, yaani chini ya nusu ya goti la mtu mzima, yanaweza kumwangusha. Sentimita 30 zinaweza kuanza kuisogeza gari ndogo. Sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi, hata yale marefu tunayoyaamini. Tena maji ya tope yanaficha. Hujui kama kalavati bado lipo au limeondoka usiku. Hivyo basi, kanuni ni moja: maji yakipita juu ya barabara, hatuvuki. Tunasubiri yashuke au tunarudi.

RADI NA IMANI ZETU

La pili ni radi. Eneo hili la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi barani Afrika. Tarehe 17 Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita. Mwaka 2011 huko Kiryandongo, Uganda, iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule moja. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu 14 waliuawa na radi wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Walikuwa wakisali ndani ya jengo la mabati.

Wala si binadamu tu. Februari 2020 sokwe wanne wa milimani walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Mgahinga, Uganda, na ilionekana kuwa ni radi. Mnyama mwenye nguvu kama yule, aliyezaliwa msituni, naye hakuwa na kinga.

Kwetu wako wanaosema radi hutumwa na jirani mwenye chuki. Sitaki kubishana na mtu asubuhi hii, lakini nitasema madhara yake ni mawili. La kwanza, tukiamini radi inamtafuta mtu fulani, sisi wengine tunajiona salama, tunaendelea kusimama chini ya mti. La pili, mtu akipigwa, tunaogopa kumgusa. Ndugu zangu, mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni. Kama hapumui, au moyo umesimama, anza mara moja kumbonyeza kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokezane mpaka msaada ufike. Wengi wanaopigwa na radi huweza kupona wakihudumiwa upesi. Kusimama mbali na kulia hakumsaidii.

Kujikinga kwenyewe si kugumu. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ukifika chini ya sekunde 30, radi iko umbali wa kilomita 10 au pungufu, nayo inaweza kukufikia. Ingieni kwenye basi au gari lenye bodi na paa la chuma, fungeni madirisha, msiguse vyuma. Kaeni humo mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Lori la wazi halina kinga. Hema halina kinga, banda la nyasi halina kinga, na mti mmoja uliosimama peke yake ndio mahali pabaya kuliko pote. Kama mvua imewakuta mbali na gari, shukeni kutoka mgongo wa kilima, achaneni hatua kadhaa kila mtu na mwenzake, chuchumaeni miguu ikiwa pamoja. Msikumbatiane. Najua watoto wakiogopa hukimbiliana, lakini radi moja ikipiga ardhi inaweza kuwapitia wote.

MOTO, ZIWA, WANYAMA NA MBUNG'O

Mtu ataniambia, "Basi tuende kiangazi, Juni hadi Agosti, tuepuke mvua." Ni ushauri mzuri, ila kiangazi nacho kina hatari yake. Nyasi zikikauka, cheche moja inatosha. Mlima Kilimanjaro wenyewe uliungua Oktoba 2020, na mamia ya watu walipanda kuuzima kwa siku nyingi. Kwa hiyo kundi letu halipiki chakula popote isipokuwa mahali palipotengwa, na hakuna kutupa kipande cha sigara. Mkiuona moto, tazameni upepo unaelekea wapi, na msikimbie kupanda mlima, kwa sababu moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Nendeni barabarani, kwenye ardhi tupu, au mahali palipokwisha kuungua.

Ziwani, hakuna kupanda mtumbwi bila boya la kuvaa, hata kama safari ni ya kupiga picha tu. Upepo wa mchana hubadilika ghafla, na kiboko akiinuka chini ya mtumbwi hataangalia kama nyinyi ni kwaya. Jioni na alfajiri viboko hutoka kula nyasi. Usisimame kati yake na maji, maana maji ndiyo nyumbani kwake. Mamba haonekani, kwa hiyo hakuna kunawa wala kuchota maji ukingoni. Kwa wanyama wengine, kanuni ni kumtii askari wa hifadhi: akisema tusishuke, hatushuki, hata kama mgeni wa heshima anataka picha.

Na mdudu mdogo tusimsahau. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nimeona kamati moja imechagua fulana za bluu kwa safari ya vijana. Naomba mbadilishe, chagueni rangi ya kaki au ya udongo, na mikono iwe mirefu. Kijana akipata homa wiki kadhaa baada ya safari, mpelekeni hospitali na mwambieni daktari wazi kwamba aliingia hifadhini, ili pamoja na malaria afikirie pia malale.

NILIYETAKA KUVUKA NI MIMI

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu. Miaka mingi iliyopita nilisimamia safari ya kwaya moja ya wilaya hii. Tulikuwa kwenye lori, watu zaidi ya 40, tukienda kwenye tamasha. Tulifika kwenye kijito ambacho kwa kawaida unakivuka bila kuvua viatu. Siku hiyo maji yalikuwa yakipita juu ya barabara, mekundu. Hapo tuliposimama mvua ilikuwa haijanyesha hata tone.

Dereva alinitazama mimi. Mimi nikatazama saa. Nilifikiria wenyeji waliokwisha kupika, fedha ya lori tuliyokwisha kulipa, na ripoti niliyotakiwa kuandika. Nikasema, "Pita taratibu."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akashuka. Hakupiga kelele. Alitandika kanga yake kando ya barabara, akakaa, akasema, "Nyinyi piteni. Mimi nina watoto nyumbani, nitawasubiri hapa mkirudi." Nikamwambia anachelewesha watu. Akanijibu, "Kawia ufike, mwanangu." Akashuka wa pili, akashuka wa tatu. Nilikasirika sana. Niliona nimedharauliwa mbele ya watu wangu.

Tulikuwa bado tunabishana maji yalipopanda. Gogo nene kuliko gurudumu la lori lilipita mbele yetu pale pale tulipotaka kupita. Hakuna aliyeongea. Dereva akarudisha lori nyuma, tukalala kwenye darasa la shule iliyokuwa karibu, na asubuhi maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Sikiliza sasa kosa langu la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Kwenye ripoti niliandika kwamba hatukuhudhuria tamasha kwa sababu ya "hitilafu ya usafiri". Sikuandika kwamba maji yalikuwa mengi. Sikuandika kwamba mama mmoja alituokoa. Niliona aibu. Niliona kwamba kurudi ni kushindwa, na kwamba mfadhili atatuona watu wa kuogopa. Kwa hiyo kamati iliyofuata ilisoma ripoti yangu na kujifunza kwamba wakague lori vizuri zaidi. Lori halikuwa na tatizo lolote.

YALE TUKUBALIANE

Kutokana na hayo, ninaomba kila kamati ikubaliane mambo matano kabla ya kutoa hata shilingi moja ya safari.

Kwanza, tarehe mbili. Pangeni siku ya safari na siku ya akiba, na wenye gari na hifadhi waelezwe zote mbili tangu mwanzo. Kundi lenye siku moja tu litavuka mto wowote.

Pili, taarifa. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari. Mamlaka hutoa angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ikitajwa tahadhari kwa mkoa wetu, tumieni siku ya akiba. Vilevile pigeni simu hifadhini mkaulize: barabara zikoje, na mvua imenyesha wapi usiku? Msiulize tu kama inanyesha langoni.

Tatu, orodha. Andikeni majina ya wote kwa nakala mbili, moja ibaki parokiani. Kila vijana kumi wawe na mtu mzima mmoja anayewajua kwa sura na majina. Aliyebaki na orodha ajue saa ya kurudi, na ajue ampigie nani saa hiyo ikipita. Msitegemee kwamba simu zitashika mtandao kila mahali. Namba 112 ni ya polisi kwa dharura, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.

Nne, vifaa. Gari lenye viti na paa, maji ya kunywa ya kutosha, sanduku la huduma ya kwanza, tochi, kamba, na filimbi kwa kila kiongozi. Filimbi husikika mahali ambapo sauti ya mwanadamu haifiki, na haichoki.

Tano, ndilo swali langu la leo: nani atasema "turudi"? Mchagueni kabla ya safari, kwa jina, na wote wajue. Asiwe mweka hazina, kwa sababu anafikiria fedha. Asiwe dereva, kwa sababu analipwa kwa kufika. Asiwe mgeni wa heshima, kwa sababu hakuna atakayethubutu kumshauri. Awe mtu mtulivu, na akishasema, mjadala umefungwa, hata kama mbele yupo askofu anayesubiri. Tena kila mtoto aambiwe kwamba anaruhusiwa kusema "naogopa", na kwamba hatachekwa. Siku ile kule kijitoni, aliyetuokoa hakuwa na cheo chochote, na ilibidi akae chini barabarani ili asikilizwe.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Wageni wetu, nanyi nawaombeni mambo matatu, na mnisamehe nikisema wazi.

La kwanza, kalenda. Fedha nyingi za miradi hutakiwa ziwe zimetumika kufikia mwisho wa Desemba. Matokeo yake, ziara zilizochelewa kuanza zinasukumwa Oktoba, Novemba na Desemba, na hiyo ndiyo miezi ya vuli kwetu. Kamati haisemi, lakini inaharakisha. Mkituruhusu kusogeza ziara hadi Juni au Julai bila kuirudisha fedha, mtakuwa mmeondoa hatari kubwa bila gharama yoyote.

La pili, fungu dogo la kulala njiani. Mtu hukubali kusubiri maji yashuke kama anajua watoto watapata uji na mahali pa kulala. Asipokuwa na fedha hiyo, atavuka.

La tatu, fomu ya ripoti. Fomu zinatuuliza walihudhuria wangapi, na lengo lilifikiwa kwa kiasi gani. Ongezeni swali moja: "Je, mliahirisha au mlirudi njiani? Ni kitu gani kilichowafanya muamue hivyo?" Na jibu hilo lihesabiwe kama kazi iliyofanyika, si kama kazi iliyoshindikana. Mkifanya hivyo, mtu kama mimi hataandika tena "hitilafu ya usafiri".

KABLA YA CHAKULA

Wapendwa, sitaki mtu aondoke hapa akisema mratibu ametuzuia kwenda hifadhini. Nendeni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 walikufa wakiwa majumbani na madukani kwao. Kwa hiyo kubaki nyumbani nako si kinga. Kijana atakayejifunza kusoma kijito, wingu na upepo kwenye safari ya siku moja, atarudi na elimu hiyo hapa Ntobeye, na ataitumia akichunga mbuzi, akienda shuleni, akivuka bonde usiku kumpeleka mama yake hospitali. Hiyo ndiyo faida ya ziara ninayoitaka kuliko picha za twiga.

Mbele yenu kuna vipande vya karatasi. Kila kamati naomba iandike jina moja tu, la mtu atakayesema "turudi" katika safari yenu, na huyo mtu asimame tumwone. Halafu tumpigie makofi sasa, kwa sababu siku atakapolisema neno hilo, huenda hakuna atakayempigia makofi.